Kuvua mbuta kwa fimbo katika Ziwa Turkana: mwongozo kamili

Mgeni anayekwenda Turkana kuvua kwa burudani hufikiria samaki kwanza: fimbo gani, chambo gani, mbuta wa kilo ngapi. Mwenyeji huanza na upepo. Ziwa hili lina urefu wa takriban kilomita 250 kutoka delta ya mto Omo hadi kusini, na upana wa wastani wa kilomita 30. Limelala jangwani kwenye Bonde la Ufa, bila msitu wala vilima vya kutosha kuukinga uso wake. Upepo wa kusini-mashariki hupita kwa nguvu karibu kila siku ya mwaka, na ndiyo maana mitambo 365 ya kuzalisha umeme wa upepo ilijengwa upande wa Loiyangalani. Upepo huohuo ndio unaoamua saa ya kutoka, mahali pa kupitisha chambo na saa ya kurudi. Hivyo tutaanza nao.

Ratiba ya upepo

Kwa kawaida upepo huamka usiku, hukaza kabla ya alfajiri na huendelea kupiga hadi saa nne au saa tano asubuhi. Baada ya hapo hulegea, na kuanzia saa nane mchana hadi jua linapotua maji huwa yametulia vya kutosha kuvua kwa boti. Yaani Turkana ni kinyume cha maziwa mengi, ambako mvuvi huamka gizani ili awahi utulivu wa asubuhi. Anayefanya hivyo hapa hukutana na mawimbi mafupi yaliyosimama wima, yanayofuatana kwa karibu hata boti isipate nafasi ya kupanda na kushuka. Mawimbi ya namna hiyo huijaza boti maji kwa dakika chache tu.

Kwa hiyo gawa siku mara mbili. Asubuhi vua ngege wadogo wa chambo katika maji yaliyokingwa, kwa mfano ndani ya Ghuba ya Ferguson karibu na Kalokol, ufuo wa magharibi, au kagua vifaa. Adhuhuri pumzika kivulini, kwa kuwa joto hupita nyuzi 35 bila shida. Toka saa nane, na saa kumi na mbili jioni uwe tayari umeukaribia ufuo.

Hiyo ni kawaida tu, na kuna siku inavunjika. Mawingu mazito yakisimama juu ya Mlima Kulal, mashariki mwa ziwa, au upepo ukikatika ghafla na hewa kuwa nzito, usitoke. Kabla ya kusukuma boti muulize mzee wa ufuo: "Mzee, upepo wa leo unauonaje?" Akikuambia ungoje, ngoja. Anayevua hapo kila siku anaona mabadiliko ya rangi ya maji kwa mbali ambayo simu yako haiwezi kukuonyesha.

Kuna jambo moja ambalo wageni wengi hawalifikirii. Ukitoka ufuo wa magharibi, yaani Kalokol au Eliye Springs, injini ikizima upepo utakusukuma kurudi nchi kavu. Utapigwa na mawimbi, lakini utafika. Ukitoka Loiyangalani upande wa mashariki, upepo unatoka mgongoni mwa nchi kavu na utakupeleka katikati ya ziwa. Karibu na ufuo wa Loiyangalani maji huonekana laini kwa sababu nchi inayakinga, na ulaini huo umewadanganya wengi. Mita mia tano mbele hali ni nyingine kabisa. Upande huo usiende na boti yenye injini moja.

Mahali pa kuanzia

Anayekuja mara ya kwanza aanzie magharibi. Njia ni rahisi: unafika Lodwar kwa ndege au kwa barabara ya Kitale, kisha kilomita zipatazo 60 hadi Kalokol, au umbali unaokaribia huo hadi Eliye Springs kwa njia ya mchanga inayotaka gari la magurudumu manne. Lodwar ndipo mahali pa mwisho pa kununua barafu, petroli safi na maji ya kunywa kwa uhakika. Maji ya ziwa ni ya magadi na yana floridi nyingi. Usiyategemee kwa kunywa. Beba lita tano kwa kila mtu kwa siku, na lita kumi za ziada zikae botini bila kuguswa.

Kuhusu vibali: leseni ya uvuvi wa burudani hutolewa na Huduma ya Uvuvi ya Kenya. Ufuoni kuna kamati ya usimamizi wa ufuo, ambayo kila mtu huiita BMU. Jitambulishe kwa mwenyekiti, mwambie utatoka na boti gani, mko wangapi na mtarudi saa ngapi. Salamu hiyo ina manufaa yake, kwa sababu msipoonekana ndio watakaokuja kuwatafuta. Kisiwa cha Kati na Kisiwa cha Kusini ni mbuga za taifa tangu 1983, kwa hiyo ukitaka kushuka huko au kuvua karibu nako, pata kwanza ruhusa ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Upande wa kaskazini kabisa, kuanzia Todonyang hadi delta ya Omo mpakani na Ethiopia, tunashauri msiende kuvua kwa burudani. Wavuvi wa pande mbili hugombania nyavu na maeneo huko, na watu wamepoteza maisha. Samaki wako wengi katikati na kusini.

Samaki wenyewe

Mbuta, ambaye Tanzania anaitwa sangara, ndiye anayetafutwa. Ziwani humu mbuta ni wa aina mbili: yule wa kawaida wa mto Nile, anayekua mkubwa sana na kukaa karibu na miamba, visiwa na kingo, na mwingine mdogo zaidi mwenye mwiba mrefu mgongoni, anayepatikana Turkana peke yake na hupenda kilindi cha mbali. Rekodi ya dunia ya mbuta kwa fimbo ni kilo 104 na ushei, iliyowekwa mwaka 2000 katika Ziwa Nasser, Misri. Turkana, samaki wa kilo 5 hadi 20 ndio wa kawaida, na wa zaidi ya kilo 40 bado wapo kwa mwenye subira.

Yupo pia taigafishi, mwenye michirizi ubavuni na meno yanayoonekana hata akifunga mdomo. Hapa si mkubwa kama wa Zambezi, lakini hukata uzi kama wembe, hivyo vifaa vipangwe kwa kumzingatia.

Mbuta humfuata samaki mdogo. Asubuhi na jioni hupanda karibu na uso na kusogelea kingo. Jua likiwa kali hushuka mita 10 hadi 20 na kukaa pembeni mwa mwamba. Maji ya kusini ni ya kijani na angavu kiasi, kaskazini ni ya kahawia kwa tope la Omo, mto unaoleta sehemu kubwa mno ya maji yote ya ziwa hili. Kwenye maji angavu tumia chambo bandia cha rangi ya fedha, buluu au kijani. Kwenye maji ya tope tumia cha rangi ya machungwa, njano iliyokolea au nyeusi, chenye kokoto ndani inayolia, maana huko mbuta husikia kabla ya kuona.

Vifaa, na kwa nini vya kiasi hicho

Fimbo iwe ya urefu wa mita 2 hadi 2.1, ya kuhimili uzi wa kilo 15 hadi 25, yaani mzigo ambao uzi hubeba kabla ya kukatika. Ndefu zaidi inafaa ufuoni, lakini botini inakunyima nguvu ya kumwinua samaki aliyezama chini ya boti. Rili iwe na uwezo wa kubeba mita 250 hadi 300 za uzi wa kusokotwa wa kilo 30. Kabla ya uzi huo, funga mizunguko kumi ya nailoni kwenye kikombe cha rili. Uzi wa kusokotwa ukifungwa peke yake juu ya chuma huteleza wote kwa pamoja, na mtu hudhani breki imeharibika.

Mbele ya uzi weka kipande cha nailoni nene, milimita 0.8 hadi 0.9, urefu wa mita 1.5. Hapa tutakiita mkia. Kazi yake ni kuhimili midomo ya mbuta, iliyo kama msasa, na makali ya vifuniko vya matamvua yake. Nailoni ya milimita 0.5 husuguliwa ikakatika baada ya dakika tano za vita. Kama taigafishi ni wengi, ongeza sentimita 25 za waya wa chuma kati ya mkia na chambo.

Uzi na mkia viunganishwe kwa pete ya kuzunguka iliyo imara. Upande wa uzi wa kusokotwa funga hivi: kunja uzi mara mbili kwa urefu wa sentimita 20, pitisha kikunjo ndani ya tundu la pete, kisha funga fundo la kawaida kwa uzi huo uliokunjwa, ukiliacha wazi bila kulikaza. Chukua kitanzi kilichobaki, kipitishe juu ya pete yote mpaka itoke upande wa pili. Lowanisha kwa mate, shika nyuzi zote mbili pamoja, vuta polepole hadi fundo likae sawa. Kata mabaki uache milimita 5. Fundo lililokazwa kavu hujichoma kwa msuguano; utaona sehemu yenye rangi iliyofifia karibu na tundu, na hapo ndipo litakapokatikia. Ukiiona, kata ufunge upya, hata kama samaki wanaruka mbele yako.

Upande wa mkia, pitisha nailoni tunduni, irudishe sambamba na yenyewe, fanya kitanzi, zungusha ncha mara nne ndani ya kitanzi ukizikumbatia nyuzi zote mbili, lowanisha, kaza, kisha lisukume fundo mpaka ligote tunduni. Kwa nailoni nene mizunguko minne inatosha. Ukiweka sita halikazi vizuri, na fundo lisilokaza huteleza.

Vyambo bandia: chukua vya umbo la samaki vyenye ulimi wa plastiki mbele, urefu wa sentimita 14 hadi 18. Kadiri ulimi ulivyo mpana na mrefu ndivyo kinavyozama. Rapala X-Rap Magnum namba 20 hushuka karibu mita 6, na namba 30 karibu mita 9. Ukiwa na viwili vya kila namba na viwili vingine vya kushuka mita 3, umetosheka kwa wiki nzima. Kabla ya kwenda, kagua ndoano za meno matatu zilizokuja nazo na pete ndogo zinazozishika. Kama unaweza kuzipinda kwa koleo bila kutumia nguvu nyingi, mbuta atazinyoosha. Badilisha ndoano ziwe za namba 3/0 za chuma kinene, na pete ziwe za kuhimili kilo 50 au zaidi. Samaki wengi wakubwa wanaopotea Turkana hupotelea hapo, kwenye pete ya shilingi chache, si kwenye fimbo ghali.

Bonyeza vibanzi vya ndoano, yaani vijino vinavyoizuia isichomoke, kwa koleo hadi vilale. Samaki hatatoka ukiuweka uzi umekaza, na siku ndoano itakapoingia kidoleni mwako, kilomita 12 kutoka ufuoni, itatoka bila kisu.

Breki ya rili usiikadirie kwa mkono. Fungia mzani wa kuning'iniza kwenye uzi, fimbo ikiwa imeinuliwa nusu, vuta mpaka rili ianze kutoa uzi. Isome kilo 5 hadi 6. Weka alama kwa rangi ya kucha kwenye kitufe cha breki ili ujue pa kurudi ukikivuruga wakati wa kupambana. Ukiilegeza mno ndoano haitaingia kwenye mfupa wa mdomo. Ukiikaza mno kitu kitakatika, na kwa kawaida ni fundo.

Vingine vya lazima: koleo ndefu, glavu, mkasi wa uzi, wavu mkubwa wa mkono usio na mafundo makali, mashine ya kusoma kina ukiipata, na chupa ya maji safi ya kusuuza rili jioni. Maji ya magadi huacha unga mweupe unaoganda ndani ya rili. Ukiiacha siku tatu bila kuisuuza, breki huanza kushika na kuachia kwa mishtuko.

Boti

Usikodi boti ya chini ya mita 6.5 kwa kuvuka kwenda Kisiwa cha Kati. Iwe na injini ya nguvu farasi 40 na nyingine ndogo ya 8 hadi 15, iliyowashwa mbele yako ufuoni kabla hamjatoka. Injini ya akiba isiyowashwa mwaka mzima haitawaka siku ya shida. Gawa mafuta mafungu matatu: la kwenda na kuvua, la kurudi, na la tatu lisiguswe. Injini ya zamani ya farasi 40 ikikimbizwa kabisa hunywa lita zipatazo 16 kwa saa, na kurudi dhidi ya mawimbi hula zaidi ya ulivyokisia.

Kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha, tena alivae, asilikalie. Nahodha akisema hayana haja kwa kuwa yeye hajawahi kuzama, tafuta nahodha mwingine. Beba nanga yenye kamba ya mita 60, ndoo mbili za kukumba maji, tochi, filimbi na simu ndani ya mfuko usioingiza maji, huku ukijua kwamba mtandao hukatika mbali na ufuo.

Tahadhari moja ya miaka hii: maji ya ziwa yamepanda na kumeza mikoma na majengo yaliyokuwa nchi kavu. Vigogo hivyo vimebaki vimesimama chini ya maji, vingine sentimita chache tu kutoka usoni. Kwa mbuta ni makazi mazuri. Kwa propela ni hatari. Karibu na ufuo wa Eliye na Kalokol nenda polepole, mtu mmoja asimame omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, akitazama mbele, na ubebe propela ya akiba pamoja na pini zake.

Kuvua kwa kukokota chambo, hatua kwa hatua

Kwanza tafuta ukingo. Unachotaka ni mahali ambapo kina kinabadilika ghafla kutoka mita 4 hadi 12 au zaidi: pembe za Kisiwa cha Kati, miamba inayotokeza, ukingo wa mkondo wa mto wa zamani. Kama huna mashine, tazama ndege. Minandi wakizama pamoja mahali pamoja, samaki wadogo wapo, na mbuta hayuko mbali.

Pili, weka mwendo wa kilomita 4 hadi 6 kwa saa, sawa na mtu anayetembea kwa haraka. Kipimo kizuri ni ncha ya fimbo: chambo kikifanya kazi sawasawa, ncha hutetemeka mfululizo kwa mdundo mmoja. Isipotetemeka, kimeshika jani au ndoano imejinasa kwenye uzi, kivute ukisafishe. Watu huzunguka nusu saa wakikokota jani.

Tatu, toa uzi mita 30 hadi 50 nyuma ya boti. Tumia fimbo mbili, zisizidi tatu. Moja ya chambo cha mita 3 ikiwa mbali, nyingine ya mita 9 ikiwa karibu. Zikitofautiana umbali na kina, hazitasukana boti inapogeuka. Chambo kikae mita moja au mbili juu ya miamba. Kikigonga mwamba mara moja moja ni vizuri. Kikigonga mfululizo, punguza uzi, kwa kuwa mbuta hutazama juu anapowinda, na chambo kinachopita chini yake hakimhusu.

Nne, usiende mstari mnyoofu. Pita kwa mikunjo mirefu kando ya ukingo. Boti ikikunja kushoto, chambo cha kulia huongeza kasi, cha kushoto hupunguza na kulegea. Angalia ni kipi kinachopigwa. Kama ni cha nje, samaki leo wanataka kasi, ongeza kidogo. Kama ni cha ndani, punguza. Somo hili la bure ndilo linalomtofautisha anayepata samaki wanne na anayerudi bila kitu.

Tano, pita mahali palepale mara tatu kabla ya kuhama, na mara moja upite kutoka upande wa pili. Ukipigwa, mwambie nahodha aweke alama ya kilima na kisiwa, maana mbuta wa ukubwa mmoja hukaa pamoja.

Kwa chambo hai

Saa ambazo mbuta amekaa chini na hataki kukimbiza, ngege hai hufanya kazi. Vua ngege wa sentimita 15 hadi 20 kwa ndoano ndogo ya namba 8 na donge la ugali mgumu au nyungunyungu. Waweke kwenye ndoo kubwa, samaki wasiozidi sita kwa lita 20, ukibadilisha maji kila robo saa. Maji ya joto yana hewa kidogo na ngege akichoka hafai tena.

Tumia ndoano ya duara, ile ambayo ncha yake imekunjwa kuelekea ndani, ya 8/0 hadi 10/0, iingie mgongoni mbele kidogo ya pezi, bila kugusa uti. Sentimita 80 juu yake weka chubwi, yaani kipande kizito cha kuzamisha uzi, ya gramu 60 hadi 100. Shusha hadi iguse chini, kisha inua mita mbili. Samaki akichukua, hapa ndipo mazoea yanapomponza mtu: usiinue fimbo kwa nguvu. Ndoano ya duara inataka uzi ukazwe polepole. Itateleza na kujinasa pembeni mwa mdomo. Ukipiga, unaitoa kinywani.

Kuvua ukiwa ufuoni

Inawezekana, kwa vijiko vya chuma, yaani vyambo bandia vya umbo la kijiko, vya gramu 20 hadi 40 kutoka kwenye miamba, lakini ziwa hili lina mamba wengi. Simama mita tano au zaidi kutoka majini, juu ya jiwe lililoinuka. Usiingie majini hata hadi magotini kunasua chambo, kata uzi. Usisafishe samaki pale unaposimama, usirudi mahali palepale kila siku saa ileile, na jua likianza kuzama ondoka. Wavuvi wenyeji huingia majini, ni kweli, lakini wanayajua maeneo yao na hata hivyo wako walioumia.

Vita na kumleta botini

Mbuta akipiga, fimbo huinama na rili huanza kulia. Nahodha apunguze kasi lakini asizime papo hapo. Mita chache za mwendo huizamisha ndoano. Fimbo nyingine zikusanywe mara moja. Weka fimbo nyuzi 45, iache imepinda muda wote. Akikimbia, usizungushe rili, maana unausokota uzi tu. Akisimama, inua fimbo polepole, kisha ishushe ukikusanya uzi. Akipanda juu ataruka nusu mwili na kutikisa kichwa, mdomo umeachama. Hapo ishushe ncha ya fimbo karibu na maji ili uzi usilegee. Karibu na boti atakimbia tena, mara nyingi kupita chini yake. Tumbukiza ncha ya fimbo majini na uizungushe tezi, yaani nyuma ya boti, usimvute juu ya ubao.

Wavu uingie kwanza majini, samaki aongozwe ndani yake kichwa mbele. Usimshike matamvua. Vifuniko vyake vina makali ya kukata glavu nyembamba.

Kumrudisha akiwa hai

Uzi wa kilo 30 humwezesha mtu kumaliza vita kwa dakika kumi, na hilo ni jambo jema, kwa sababu maji haya yana joto la nyuzi 27 na zaidi na samaki aliyechoka mno hufa hata akiogelea vizuri anapoondoka. Mwache majini ubavuni mwa boti unapotoa ndoano. Picha isizidi nusu dakika, mshike amelala, mkono mmoja chini ya tumbo. Mbuta wa kilo 20 akining'inizwa kwa taya, uzito wake mwenyewe humjeruhi ndani.

Ukitaka uzito bila mzani, pima kwa tepu laini urefu na mzingo wa kifua, kwa sentimita. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, gawanya kwa 29,000. Samaki wa urefu wa 110 na mzingo wa 80 ana kilo 24 hivi.

Samaki aliyetoka kina cha zaidi ya mita 15 ni suala jingine. Kifuko chake cha hewa hakina njia ya kutoa hewa haraka. Akipandishwa, hewa hutanuka, tumbo husukumwa mdomoni na macho hutokeza. Ukimwachia hivyo ataelea chali mpaka ndege au mamba wamfikie. Usilitoboe hilo tumbo lililotokeza, si kifuko cha hewa. Tengeneza hivi: chukua chubwi ya kilo 2 hadi 3, funga juu yake ndoano kubwa isiyo na kibanzi, ncha ikitazama chini, na kamba nyembamba ya mita 20 ifungwe kwenye mkunjo wa ndoano badala ya tunduni. Tia ndoano kwenye ngozi ya mdomo wa chini, mshushe samaki hadi kina alikotoka, subiri nusu dakika, kisha vuta kamba kwa ghafla. Ndoano huchomoka na samaki amebaki chini, hewa imeshabanwa upya. Kama huna kifaa hiki botini, usivue kwa kilindi ukikusudia kuachia.

Ukiamua kula, chukua mmoja wa kilo 3 hadi 6, nyama yake ni laini kuliko ya wakubwa, na wakubwa ndio majike wanaobeba mayai. Muue mara moja, kata matamvua damu itoke, toa matumbo ndani ya dakika 20 mkiwa bado ziwani, jaza barafu tumboni na pande zote. Kwa joto la huko kadiria kilo mbili za barafu kwa kilo moja ya samaki. Samaki aliyekaa saa mbili kwenye sakafu ya boti chini ya gunia kavu hafai tena.

Nyavu za wavuvi

Mistari ya viboya vya plastiki au vipande vya mbao ni nyavu za watu, na baadhi hazina alama mwisho wake. Zipite mbali, mita 50 au zaidi, ukikumbuka uzi wako uko nyuma ya boti. Chambo kikinasa kwenye wavu, zima injini, rudi kwa kuvuta uzi hadi wavu ulipo, kinasue kwa mkono. Ikishindikana kata uzi wako, uache chambo. Wavu usikatwe. Mkifika ufuoni mwambie mwenyekiti wa BMU ni wavu wa wapi na umeharibika kiasi gani, na mlipe fidia siku hiyohiyo, kabla ya kupanga boti ya kesho.